Fundi wa Nyuma ya Pazia

Sharti la baba lilikuwa pazia.

"Kama ni kutengeneza kompyuta, atengeneze," alimwambia mwenye duka. "Lakini akae nyuma ya pazia. Sitaki watu wamwone."

Aliyasema hayo mbele yangu, amesimama na fimbo yake ya kuchungia, ndani ya duka la mzee mmoja Msomali hapa Garsen ambaye huuza sukari, betri, vitambaa, kandambili na kila kitu kinachoweza kuning'inizwa kwenye msumari. Nilikuwa nimerudi kutoka chuoni Mombasa na stashahada ya kompyuta, na mzee huyo alikuwa amekubali kunipa kona ya nyuma, pale alipokuwa akirundika magunia matupu. Nilitarajia kibao nje kilichoandikwa "Fundi". Nikapewa pazia.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba wakati huohuo mama alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara na vibuyu vyake vya maziwa, mbele ya wanaume wote wa Garsen, madereva wa malori na abiria waendao Lamu na Hola, bila pazia wala nusu ya pazia. Nikamuuliza baba kwa Kiorma chetu: na mama je? Akanijibu kwamba maziwa ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe, na hakuna atakayesimama kumshangaa mwanamke anayeuza maziwa. Kisha akaondoka. Baba akishatoa neno huondoka, ili neno lisipate mtu wa kubishana nalo.

Chuoni tulikuwa wasichana wawili katika darasa lililojaa wavulana, na yule mwenzangu alihamia uhasibu kabla mwaka haujaisha. Nikifufua mashine iliyokufa, mwalimu alitazama nyuma yangu kumtafuta mvulana aliyenisaidia. Nilipopelekwa ofisi moja kufanya mazoezi ya kazi, nilionyeshwa birika kabla ya kuonyeshwa kompyuta. Siwalaumu sana, maana chai yangu ni nzuri. Lakini nilijiapiza kwamba nikirudi kwetu, kwa watu wanaonijua tangu nikichunga ndama, nitaitwa fundi kwa sauti, mchana kweupe, mbele za watu. Hicho tu ndicho nilichokitaka. Na aliyenizibia njia akawa baba yangu mwenyewe, mtu aliyeuza madume yake ya ng'ombe ili nisome huku wenzake wakimcheka.

Kitambaa cha pazia mwenye duka alikikata kutoka kwenye jora lake: kijani, chenye maua makubwa mekundu. Nilimwita Adeer, kama Wasomali wanavyowaita ami zao, naye alikitundika kwa furaha ya mtu anayefungua duka la pili. Ndani mlikuwa na meza, taa, bisibisi zangu, brashi, chupa ya spiriti na joto la kutosha kuivisha mkate. Bangili nilizopewa na bibi yangu nilizivua kila asubuhi na kuzitia kwenye mkoba. Fundi hagusi vyuma vya umeme akiwa na vyuma mkononi, hilo tulifundishwa. Ila nilijua pia kwamba zikilia, mtu yeyote aliyeko mbele ya duka atajua kuna mwanamke nyuma.

Kazi ilikwenda hivi. Mteja alimkabidhi Adeer mashine na kumweleza ugonjwa wake. Adeer aliibeba hadi kwangu na kuueleza ugonjwa huo upya, kwa namna yake.

"Anasema inakohoa," aliniambia siku ya kwanza.

"Inakohoaje, Adeer?"

"Inakohoa, halafu inakuwa moto, halafu inazima. Wallahi, mimi naona ni homa."

Feni ilikuwa imejaa vumbi. Niliisafisha, homa ikatoka, na Adeer akairudisha mbele akiwa ameishika kwa mikono miwili kama sinia la harusi.

Nikiwa na swali niligonga meza kwa mpini wa bisibisi. Adeer aliinuka, akaja kusikiliza mnong'ono wangu, kisha akarudi mbele na kuuliza kwa sauti ya daktari mkuu. Kuna mwalimu mmoja wa Kinakomba aliyeapa kwamba laptopu yake imezima yenyewe, hajaimwagia kitu. Nikagonga meza.

"Fundi anasema kibodi inanuka chai," Adeer alimwambia.

"Chai gani tena?"

Nikagonga tena.

"Chai ya tangawizi."

Mwalimu akakiri. Tangu siku hiyo walimu wote walikiri mapema, hata mambo ambayo sikuwauliza.

Nilipenda kazi ile. Nilikuta mayai ya mjusi ndani ya printa, na nyumba nzima ya mchwa ndani ya kompyuta ya shule. Mtu mmoja alikuja kutoka Ndera na chaja iliyotafunwa na mbuzi, na alichotaka kujua kwanza ni kama mbuzi atakufa. Adeer alimrudishia jibu kwamba mbuzi atapona, ila chaja ndiyo marehemu. Nilicheka nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa ushungi. Mara nyingi nilicheka hivyo, na mara nyingine nililia hivyo, hasa niliposikia mashine ngumu ikipokelewa kwa shangwe upande wa pili, halafu shukrani zote zikabaki hukohuko mbele.

Kwa kuwa hakuna aliyemwona fundi, watu walimtengeneza. Kuna waliosema ni kijana wa Lamu aliyesomea Uarabuni. Kuna waliosema ni mwanajeshi mstaafu mwenye kovu la uso, ndiyo maana hajionyeshi. Mama mmoja alimnong'oneza mama yangu kwamba ni jini, na mama akamjibu kwamba hata yeye amewahi kusikia hivyo. Vijana nao walikuwa na lao.

"Mzee, huyo fundi wako ni noma," mmoja alimwambia Adeer akiikumbatia laptopu yake. "Huyo msee hula nini?"

"Canjeero na maini," Adeer alisema. "Kila asubuhi."

Hilo lilikuwa kweli. Mkewe ndiye aliyeniletea chapati hizo laini za Kisomali.

Siku za soko la mifugo baba alikuja mjini na kuketi kwenye benchi nje ya duka pamoja na wafugaji wenzake, wakinywa chai. Upande mmoja wa pazia palikuwa na upenyo, na kupitia hapo niliuona mgongo wake. Nimekua nikitembea nyuma ya mgongo ule, naujua kuliko uso. Wenzake walipoanza habari za fundi, wakamsifu, wakabishana kabila lake na umri wake, baba alikoroga chai. Aliikoroga hata ilipokuwa imebaki majani matupu chini ya glasi. Siku moja mzee mwenzake alimuuliza moja kwa moja, yeye anaonaje? Baba akakohoa, akasema, "Nasikia ni mtu mwenye adabu."

Nilimkasirikia na kumhurumia kwa wakati mmoja. Mabega yake yalikuwa yamefura kwa fahari ambayo hakuwa na mahali pa kuipeleka. Pazia alilitaka yeye, na sasa lilikuwa limemziba mdomo.

Mambo yaliharibika, au tuseme yalitengenea, kwa sababu ya rafiki wa baba. Huyu ni mfugaji wa rika lake, mwenyekiti wa kamati ya soko, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata akiwa anasalimia. Kamati ilikuwa na kompyuta iliyotunza picha za alama za mifugo ya watu wengi wa nyikani, ili mafuriko yakitawanya ng'ombe, kila mmoja arudi kwa mwenyewe. Alikuwa akivuka nayo mto kwa mtumbwi karibu na Wenje, mtumbwi ukayumba, kompyuta ikaenda majini. Waliitoa. Mtu akakumbuka kusikia kwamba mchele huvuta maji, na kwa kuwa Wenje ni kwa wakulima, wakaifukia kwenye gunia. Ila gunia lenyewe lilikuwa la mpunga, haujakobolewa. Ilipofika kwangu, imefungwa ndani ya shuka, ilikuwa na tope la Tana, na juu ya tope makapi, na ndani ya makapi wadudu wadogo waliokuwa wameshahamia.

"Fundi anasemaje?" sauti ya ng'ombe iliuliza huko mbele.

Sikugonga. Nikamnong'oneza Adeer kwamba fundi anaomba muda na dua.

Niliifungua yote. Niliosha kila kipande kwa spiriti na brashi laini, nikakianika uani kwenye kivuli, nikakirudia tena. Makapi yalikuwa yameingia mahali ambapo hata kucha haiingii. Ilipowaka hatimaye, picha zilianza kupanda kwenye kioo moja baada ya nyingine: masikio yaliyokatwa, mapaja yenye alama za moto, pembe. Nikamwona ng'ombe wetu mwekundu mwenye pembe iliyopinda, yule niliyemchunga akiwa ndama, amesimama anamtazama mpiga picha kwa dharau yake ileile. Sikujua kama nicheke au nilie, basi nikafanya yote mawili, kimya.

Yule rafiki wa baba alipoziona picha zake alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Alitaka kuingia nyuma akamshike mkono fundi. Adeer akajaza njia kwa kifua chake.

"Fundi hapendi watu," alisema.

"Sawa," yule mzee akasema. "Nitajua la kufanya."

Nikamwona anatoka, anamshika baba mkono, anamvuta pembeni ya benchi.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, baba alifika nyumbani na kusimama mlangoni bila kuweka fimbo chini. Mama alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa. Mimi nilikuwa nikimsaidia.

"Anataka kumpa fundi binti yake," baba akasema.

Kwetu baba wa msichana hatangulii. Wazee wa upande wa mvulana ndio huja kuomba, na wa upande wa msichana hukaa wakajifanya hawakujua. Kwa hiyo yule mzee alikuwa amemwomba baba, kwa kuwa yeye ni mtu wa benchi la pale dukani, amtie fundi neno sikioni, kwamba akituma wazee hawatafukuzwa. Mikono ile, alisema, hata kama ni ya mgeni, anaitaka katika ukoo wake.

Mama alicheka mpaka moshi ukamwingia kooni. Tulimpiga mgongoni, akapumua, akacheka tena.

"Basi tafuta ng'ombe wa mahari, mume wangu," akasema. "Safari hii sisi ndio upande wa kuoa."

Baba hakucheka. Aliketi, akaiweka fimbo magotini. Nikamwambia, "Baba, mwambie ni mimi."

"Nikimwambia atasema nimemfanya mjinga, mimi na huyo Msomali wako. Na wenzake watasema hivyohivyo. Watachukua mashine zao, waende Malindi. Utabaki na pazia na meza."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Hata mimi niliogopa, maana mashine zile ndizo zilikuwa mkate wangu na heshima yangu yote, ingawa ya kificho. Lakini nilikuwa nimefika mwisho.

"Nimechoka kusifiwa nikiwa mtu mwingine," nikamwambia. "Wakiondoka, waondoke. Nataka uniite fundi, Baba. Wewe. Hata mara moja."

Sikuwahi kusema naye hivyo. Akainuka, akaenda kuwaangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaingia zizini wote.

Siku ya soko iliyofuata yule mzee alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kibuyu cha samli mkononi. Alikuwa amechoka kusubiri jibu, akaamua kulifuata. Benchi lilijaa. Watu waliingia dukani nyuma yake kama wanaoingia matangani, kila mmoja akijifanya amekuja kununua kiberiti.

"Leo namwona," akasema.

"Fundi ametoka," Adeer alianza. "Amekwenda, amekwenda huku, upande wa..." Maskini, alikuwa hodari wa kunyamaza lakini uongo haukumkaa mdomoni.

Nami wakati huo nilikuwa nimefungua laptopu ya mfanyabiashara mmoja wa pale mjini, vipande viko mezani, skrubu nyingine kwenye kizibo cha soda na mbili nimezibana kwa midomo. Niliganda. Nikasikia hatua ninazozijua. Ncha ya fimbo ya kuchungia ikapenya ukingoni mwa pazia, ikakisukuma kile kitambaa kijani pembeni polepole, pete zake zikikwaruza kwenye waya, mpaka mwisho.

Mwanga ukaniingia machoni. Baba alikuwa amesimama mbele, na nyuma yake vichwa.

"Fundi," akasema, kwa Kiswahili, ili wote waelewe. "Una wageni."

Nilitaka kuwaamkia wazee kama nilivyolelewa, lakini nilikuwa na skrubu mdomoni. Nikazitema kiganjani mbele ya wakubwa wangu wote. Ndiyo salamu yangu ya kwanza nikiwa fundi anayeonekana.

Yule mzee alinitazama mimi, akaitazama meza, akamtazama baba.

"Huyu si yule mtoto wako aliyekuwa akichunga ndama?"

"Ndiye."

"Na kompyuta yangu?"

"Ndiye."

"Mimi sikusema hata siku moja kwamba ni mwanaume," Adeer akadakia. "Nyinyi ndio mlisema. Mpaka kovu mlimpa."

Mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Yule mfanyabiashara mwenye laptopu alijipenyeza mbele, akakusanya vipande vyake mezani, na kizibo cha soda na skrubu zake, akatia vyote kwenye mfuko wa sukari na kutoka bila kuniangalia. Wawili wengine waliulizia mashine zao, wakaondoka nazo hivyohivyo, zinazougua na zilizopona. Rafiki wa baba alitoka bila neno. Samli yake ilibaki juu ya kaunta. Kwa mtu mwenye sauti kama yake, ukimya ule ulinitisha kuliko matusi.

Baba aliketi peke yake kwenye benchi siku nzima. Niliuona mgongo wake, safari hii bila upenyo. Nikatoka, nikaketi karibu naye hadharani, nikamletea chai. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote za maisha yangu, na nilimwambia. Akasema chai imezidi sukari.

Siku zilizofuata kazi ilipungua. Adeer hakulirudisha pazia, na sikumwomba. Mashine zilizokuja zilikuja na wanawake: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa chekechea, mke wa mtu aliyetumwa na mumewe mwenye aibu. Yule mfanyabiashara hakurudi, na mpaka leo hajarudi. Nikipita mbele yake hutazama simu.

Siku ya soko ikafika tena. Nilikuwa nimeinamia printa niliposikia sauti ya ng'ombe mlangoni.

"Fundi yupo?"

Alikuwa amekuja na binti yake, msichana aliyemaliza shule majuzi, mwenye mkoba begani na macho yaliyokwisha kunipita kwenda kwenye bisibisi.

"Nilisema binti yangu nitampa fundi," yule mzee akaniambia. "Watu wote wameshajua. Sasa unataka waseme mimi ni mtu wa kula maneno yangu? Huyu hapa. Mfundishe."

Kisha akamgeukia baba kwenye benchi na kumkaripia mpaka mate yakaruka, kwamba amemnyima kicheko kizuri muda wote huo, kwamba marafiki hawafichani vitu vya namna hii. Baba alikubali kila karipio. Walipomaliza, walikunywa chai na kuulizana habari za malisho. Msichana alivua bangili zake bila kuambiwa, akaziweka mezani karibu na zangu, ambazo sasa sikuzificha tena mkobani.

Siku hizi baba husema pazia lilikuwa ujanja wake tangu mwanzo. Eti alijua wakiniona mimi kwanza hawatanipa mashine, kwa hiyo alitaka waione kazi kwanza, waizoee, ndipo wamwone mwenye kazi. Mama husikia hayo akakung'uta kibuyu kwa nguvu. Mimi sijui. Inawezekana ndivyo alivyowaza, na inawezekana aliogopa tu kuchekwa kwa mara ya pili kwa sababu yangu. Nimeacha kumuuliza. Kile kitambaa kijani mama amekifanya kifuniko cha vibuyu vyake, na maua yake mekundu huonekana kutoka kituo cha mabasi.

Na lile benchi bado lipo. Siku ya soko baba huja mapema kuliko mtu yeyote, huketi upande wa mlango, na mtu akisogea tu humwahi kabla hajafungua mdomo.

"Unamtafuta fundi? Yuko ndani. Ni binti yangu."

"Hapana, mzee, mimi nimefuata sukari."

"Sukari utapata," baba humwambia. "Ingia kwanza umwone."